Fundi Aliyechungulia Taa

Fundi wa redio hugusa kila kitu kwanza kwa mgongo wa kidole, ndipo anapokiamini. Amezeeka na mashine za valvu, zile taa za kioo zilizowaka mbele ya macho yako ukajua ziko hai. Vitu vya siku hizi vimefunga midomo kama wakwe wenye kinyongo. Redio yake mpya ya mawasiliano haina nguvu ya kufika mbali, na ukiiunganisha moja kwa moja na kikuza nguvu chake cha zamani, umeme wa waya wa kukiwashia utaichoma. Bila kikuza nguvu, rafiki yake wa mwisho hewani, aliye ng'ambo ya milima, hajamsikia fundi tangu masika. Basi katikati akaweka optokapla, kidude cheusi cha miguu minne: upande mmoja huwasha taa ndani, upande wa pili huiona na kuwasha kikuza nguvu, ila umeme hauvuki. Kabla ya kukichomelea alikiunganisha na betri, akaingiza kichwa kabatini pamoja nacho na kujifunika koti, aione taa gizani.

"Mzee, unamchungulia nani humo?" mkewe akauliza.

"Taa."

"Umeiona?"

"Wapi! Siku hizi ni kuambiwa tu."

Hata hivyo alikichomelea, akabonyeza kitufe cha maikrofoni. Kikuza nguvu kikaitika, tak! Redio haikuungua. Akaita, akaachia, akangoja, kiganja juu ya bati la kikuza nguvu lenye joto.

"Wewe!" sauti ya rafiki yake ikapasuka. "Huku tulishakuzika!"

Fundi akabonyeza tena. "Ulilia?"

Redio ikakwaruza.

"Kidogo. Na mafua yalinisaidia."