Nyuso za Jeshi la Juma

Kamyo nyingi zinazotoka Butembo kwenda Kasindi au Bunia zimebeba mwandiko wa Issaka. Yeye ndiye anayeandika majina ya wenye magari kwenye milango, na yale maneno ya juu ya kioo cha mbele, MUNGU NJO ANAJUA, yaani ndiye anayejua, na TUTAFIKA TU, kwa herufi nene zenye kivuli upande wa kushoto. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, na pamoja na kazi alipewa sharti moja: andika herufi, chora maua, chora nyota, lakini usichore kitu chenye pumzi. Siku ya hukumu, mzee alisema, mchoraji ataambiwa akipulizie uhai alichokichora, na hataweza. Issaka alilishika sharti hilo miaka thelathini na nane. Tajiri mmoja aliwahi kutaka vichwa vya simba kwenye kamyo zake zote nne. Issaka alimwambia hapana, akatoka gereji na mkebe wake wa brashi, na tajiri yule hakumwita tena.

Ana mke, Rachida, anayeuza vitenge sokoni, na binti, Hadidja. Alikuwa pia na mtoto wa kiume, Juma.

Juma alisoma kompyuta Kampala miaka mitatu. Aliporudi alikuwa na diploma yake na boksi moja la katoni ambalo hakutaka mtu alikalie wala aweke kitu juu yake. Ndani mlikuwa na watu wa plastiki ya kijivu, warefu kama kidole gumba, thelathini. Wote walikuwa wafupi wanene, wenye ndevu mpaka mkandani, mashoka na ngao mikononi. Aliwaita vibeti. Wanafunzi wenzake huko Kampala, alieleza, walikuwa na mchezo wa vita unaochezwa mezani: kila mmoja ana jeshi lake, analipaka rangi mwenyewe, na dadu ndiyo inayoamua nani anaanguka.

Rachida aliuliza kama hao ni Bambuti, wale watu wafupi wa msituni.

"Hapana, mama. Bambuti ni batu kweli. Hawa ni ba mu hadithi ya Bazungu. Banaishi chini ya milima, banachimba dhahabu."

"Donc ni creuseurs," Issaka akasema, yaani wachimbaji, maana Butembo kila mtu anamjua kijana aliyekwenda kuchimba dhahabu upande wa Manguredjipa akarudi na ndevu na bila dhahabu. Wote wakacheka. Yeye mwenyewe hakuvigusa vile vitu. Kwake vilikuwa sanamu, ingawa vidogo, na alishukuru kimoyomoyo kwamba Juma aliviweka chumbani kwake.

Rafiki wa Juma kwenye mchezo huo alikuwa Ézéchias, mtoto wa Beni, Mprotestanti, aliyesoma naye Kampala. Ézéchias alikuwa na jeshi la mazimwi. Walikuwa wamepatana kwamba siku moja watapiganisha majeshi hayo Beni, nyumbani kwa kina Ézéchias, ila kwa sharti: askari asiyepakwa rangi haingii mezani. Ézéchias alimaliza mazimwi yake mapema. Juma, aliyekuwa akitafuta kazi huku na huku, alikuwa amemaliza vibeti watatu tu.

Mwezi wa tatu mwaka 2022, mikebe ya rangi ambayo Issaka alikuwa ameagiza Uganda ilifika mpakani Kasindi. Kawaida alikwenda kuichukua mwenyewe. Wiki hiyo goti lilikuwa linamsumbua, akamwambia Juma aende. Juma akaenda, akaichukua, akapanda kamyo ya mjomba wake, iliyoendeshwa na dereva wa kuajiriwa, kurudi. Walikuwa katika msafara, wanajeshi mbele na nyuma kwa hofu ya waasi wa msituni. Penye kona moja risasi zikaanza kutoka kwenye migomba. Dereva alikufa pale pale mikononi mwa Juma. Juma alipigwa chini ya shingo.

Madaktari walimwokoa, lakini miguu haikurudi. Mikono ilirudi nusu: aliweza kuinua kikombe, ila vidole vilitetemeka kama vya mtu aliyenyeshewa. Walimleta nyumbani, wakamwekea kitanda sebuleni karibu na dirisha, ili aone watu wakipita.

Alikaa miezi miwili akiangalia watu wakipita. Kisha siku moja akamwomba Hadidja boksi lake. Hadidja alimwekea ubao juu ya magoti, akamfungulia vile vichupa vya rangi. Juma alijaribu kupaka ndevu za kibeti mmoja. Brashi iliruka, rangi nyekundu ikatapakaa toka kofia mpaka buti. Alijaribu tena, ikawa vibaya zaidi. Issaka alikuwa mlangoni anavua viatu. Alimwona mwanawe akikilaza kile kibeti kifudifudi juu ya ubao, taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kisicho chake.

Issaka akaketi kwenye kiti cha Rachida. Akachukua kitambaa, akalowesha, akafuta ile rangi kabla haijakauka. Halafu, kwa kuwa brashi ilikuwa tayari mkononi, akapaka ngao.

Ndivyo ilivyoanza. Ngao ni chuma, alijiambia, shoka ni chuma, na chuma hakina pumzi. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikaa pale mpaka mwanga wa dirishani ulipopungua. Juma alimfundisha: rangi iwe nyembamba kama maziwa, ipakwe mara mbili badala ya mara moja nzito, ukitaka kivuli, lainisha nyeusi kwa maji mengi uiache itiririke yenyewe kwenye mikunjo, ukitaka chuma king'ae, futa brashi karibu ikauke, kisha ipitishe juu juu tu. Issaka, fundi wa herufi za urefu wa mkono, alijifunza kushika pumzi ili mkono utulie. Aligandisha kila kibeti kwa nta juu ya kifuniko cha soda ili asikishike mwilini. Kwa saizi ile akaandika hata herufi, moja kwenye kila ngao, zenye kivuli upande wa kushoto. Juma aliziangalia kwa kioo cha kukuzia, kama cha fundi saa, mpaka macho yakamtoka machozi, akasema Kampala nzima hakuna mwenye ngao kama hizo.

Baba na mwana hawakuwa wamewahi kuongea sana kabla ya hapo. Sasa waliongea. Walibishana kama ndevu ni kitu chenye pumzi au la. Juma alisema ndevu zinakatwa na mwenyewe haumii, na Issaka akakubali, wakapaka ndevu. Alasiri moja, huku akichora ukingo wa dhahabu kwenye shoka, Issaka alisema bila kuinua kichwa:

"Mimi njo nilikutuma kule."

Juma alisogeza kichupa cha dhahabu karibu na mkono wa baba yake.

"Nilikwenda mwenyewe, papa. Nilitaka pia kununua brashi yangu kule."

Issaka hakujua kama ni kweli au ni huruma. Hakuuliza, na hawakulirudia tena.

Kufikia mwezi wa kumi, vibeti ishirini na saba vilikuwa na mashoka ya kumeta, ngao, mikanda, buti, ndevu nyekundu na nyeupe na nyeusi. Kila kimoja kilikuwa na uso wa kijivu. Juma alikuwa ameomba nyuso nazo zipakwe, mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili bila utani. Issaka alijibu kwamba uso ni wa Mungu. Lakini lilimsumbua, akaenda kumwuliza mwalimu wa msikitini. Mwalimu alimweleza kwamba wanazuoni wametofautiana, kwamba Bibi Aisha alipokuwa mdogo alikuwa na wanasesere na Mtume hakumkataza, na kwamba yeye Issaka anajua nia yake kuliko mtu mwingine. Hakumwambia paka wala usipake.

Issaka alirudi nyumbani akiwa na ruhusa nusu, na bado hakupaka. Wakati huo vidonda vya kulala mgongoni vilikuwa vimeanza kumla Juma, homa inakuja na kuondoka. Baadaye sana Issaka alimwambia Rachida kilichomzuia. Haikuwa Siku ya hukumu peke yake. Nyuso zilikuwa kazi ya mwisho. Zikiisha, alasiri zingeisha.

"Hata moja tu, papa," Juma alisema Alhamisi moja. "Nitakuonyesha vile banaanza."

"Kesho, nikitoka Ijumaa."

Ijumaa alipotoka msikitini alikuta gari limesimama mlangoni na Rachida anamfunika Juma shuka ya pili ingawa jua lilikuwa kali. Homa ilikuwa imempanda ghafla, maneno yake hayaeleweki. Walimfikisha hospitali. Alifariki Jumamosi kabla ya adhuhuri, akazikwa siku ile ile. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Ézéchias alikuja kutoka Beni kwenye matanga. Alikaa na wanaume siku mbili, akabeba maji, akapanga viti, hakutaja mchezo. Ni Issaka aliyempigia simu baada ya arobaini, akamwambia jeshi litafika Beni, ampe wiki mbili.

Akaketi tena dirishani. Kitanda kilikuwa bado pale. Rachida alikataa kitolewe. Issaka aliwapanga mbele yake wale vibeti watatu waliopakwa na Juma mwenyewe zamani, wenye macho matulivu ya watu waliochoka baada ya kazi, akajaribu kuwaiga. Ngozi ya kahawia ilikubali. Macho yalikataa. Alipaka nyeupe, kisha akatia nukta nyeusi katikati, na kibeti kikamkodolea kama mtu aliyeingiliwa na mwizi. Alifuta, akarudia. Jicho moja lilitazama juu, lingine pembeni. Mkono uliokuwa umeandika kamyo za nusu ya mji ulichora nyuso za mtoto wa darasa la kwanza. Aliwageuza wale watatu wa Juma huku na huku chini ya kioo akitafuta kipi kilitangulia, nyeupe au nyeusi, na hakuona. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mchana, Hadidja akiwa jikoni anamsikia na haendi.

Alimaliza zote ishirini na saba hivyo hivyo. Alisema askari wa mwanawe hawataachwa nje kwa sababu ya aibu ya baba.

Nyumbani kwa kina Ézéchias ni katika mtaa wa Ruwenzori. Anaishi na mama yake, Agar, mjane mwenye shamba la kakao ambalo hajalikanyaga miaka miwili kwa hofu ya msitu. Ézéchias alikuwa ameng'oa mlango wa stoo, akaulaza juu ya madawati mawili, akatengeneza vilima kwa magunia. Mazimwi yake ya kijani yalisimama upande mmoja. Alipofungua boksi la Issaka aliinua kibeti cha kwanza, akatazama ngao kwa muda mrefu, kisha uso. Hakutabasamu.

"Banaanza na nyeusi, papa," alisema polepole. "Kwanza shimo lote la jicho linakuwa nyeusi. Nyeupe inakuja nyuma, kidogo sana, na nyeusi tena."

"Njo hivyo alitaka kunionyesha," Issaka akasema.

Ézéchias alijitolea kuzirekebisha. Issaka akakataa.

Walianza. Issaka hakujua sheria, hivyo Ézéchias alimsomea kila hatua na kumwachia uamuzi. Dadu hakuzigusa, alisema kwao ni kamari. Agar akasema hata kanisani kwake hazipendwi, lakini mezani hapakuwa na pesa, akazirusha yeye kwa niaba ya marehemu, kwa mkono wa mtu anayepanda maharage. Walicheza hivyo karibu saa nzima, na mara mbili Issaka alisogea mbele kwenye kiti chake. Kisha dadu zikaanguka vibaya. Ézéchias akanyoosha mkono, akatoa kibeti mmoja wa mstari wa mbele, akamweka ukingoni mwa ule mlango uliogeuzwa meza.

"Anaenda wapi?" Issaka akauliza.

"Pale tu, papa. Amekufa mu mchezo. Tukimaliza anarudi na benzake."

Issaka alimchukua yule kibeti akamtia kiganjani. Alikuwa mmoja wa wale wenye macho ya kukodoa. Agar aliacha dadu kwenye goti lake. Baada ya muda Issaka aliomba waishie hapo, kama hawatakasirika. Ézéchias alisema hata yeye alitaka kusema hivyo. Agar alileta chai na ndizi za kuchemsha, wakala wakiongea habari za bei ya kakao na za barabara, na jioni haijaingia Issaka alipanda gari la kurudi Butembo. Vibeti aliwaacha mezani kama walivyosimama, ila yule mmoja aliondoka naye kiganjani.

Ézéchias hakuubomoa ule uwanja. Aliusogeza, mlango na vyote, kwenye chumba kisichotumika, na kila Jumapili akitoka kanisani humpigia Issaka simu. Humwambia jeshi liko wapi na zimwi lipi liko karibu, halafu huuliza wafanye nini. Sasa ni zaidi ya mwaka. Issaka huuliza kama kunanyesha Beni, huuliza hali ya mama, na mwishowe hutoa jibu lile lile: wakae hapo hapo.

Jumapili moja Rachida alimnyang'anya simu. Hakuwahi kuuliza chochote juu ya mchezo ule.

"Ézéchias, banabaki wangapi?"

"Bote, mama," Ézéchias akajibu. "Mmoja tu njo hayuko mu mstari."

Rachida alimrudishia mume wake simu, akaenda kukunja shuka za kile kitanda cha dirishani, ambazo huzifua kila wiki ingawa hakuna anayezilalia.