Rufaa ya Anti Hansa

Wiki iliyopita, kwenye basi hapa Hayes, magharibi mwa London, mwanamke mmoja alikuwa akimsomea mwenzake hukumu ya mahakama kutoka kwenye simu, nikamkumbuka Anti Hansa, jirani yetu wa zamani hapa hapa, Mhindi mzaliwa wa Kisumu aliyeolewa India.

Alasiri moja alikuwa jikoni kwake na mama yangu, akikaanga pilipili kavu zilizonikereketa koo, simu ikalia. Alipomaliza kuongea na wakili wake wa India alisema, "Nimeshindwa rufaa. Korti imewapa shemeji zangu nyumba ya marehemu mume wangu."

Mimi, mtoto bado, nilidhani rufaa ni hospitali tu, ile ambayo bibi yangu alipelekwa asirudi. Nikaangua kilio. "Anti, usife!"

"Nife? Hiyo ndiyo wanangoja." Akazigeuza pilipili. "Iko korti kubwa juu ya hii. Nitaenda."

"Umri umekwenda, dada. Waachie," mama alimsihi.

"Umri ni wangu. Nyumba pia."

Alishinda miaka mingi baadaye. Alisafiri na mkongojo wake hadi India, akakaa katika nyumba hiyo siku tatu, kisha akarudi Hayes.

"Kuishi kule sikutaka," aliniambia. "Nilitaka wanione nikiingia kwa mlango wa mbele."