Filimu Moja ya Rangi

Siku yangu ya kwanza kwenye ofisi ya habari ya hapa Kindu niliingizwa katika chumba cha giza, nioshe foto. Karatasi inalowekwa kwenye dawa ya kwanza, nyuso zinajitokeza polepole, kisha dawa ya pili inazishika zisipotee. Wanawake wenzangu walipiga mashine za kuandika. Mimi niliomba aparei ya kupigia foto.

Nilipewa, nikatumwa Lokandu kwa wavuvi, kisha Tunda kwa wakulima. Huko nilijifunza kupima mwanga. Posimetre, kile kidude cha kupimia, haielekezwi kwenye jua lenyewe, maana foto itatoka nyeusi tupu. Unapima mbingu kando yake, halafu unangoja.

Niliporudi Kindu nilimkuta shefu mpya wa ofisi, mwanamume mrefu asiyecheka. Wakati ule wa chama kimoja sote tuliitwa sitwayeni, yaani mwananchi. Aliniita mezani kwake.

“Sitwayeni Mwamini, Kinshasa wanataka foto ya jua la Lualaba kwa kalenda. Filimu ya rangi iko moja tu. Nataka jua safi, bila mawingu. Ukiiharibu, utaenda kwenye mashine ya kuandika.”

Ilikuwa masika. Kila alfajiri nilisimama ukingoni mwa Lualaba, mtaani Kasuku, na kila alfajiri ukungu ulifunika mto mpaka jua likawa juu, jeupe, halina sura. Nilirudi bila kupiga hata moja.

“Unaogopa jua?” shefu akauliza.

“Siogopi, Shefu. Naogopa kuipoteza filimu.”

“Basi leo tunaenda wote.”

Alasiri tukavuka kwa mtumbwi mpaka Alunguli, ng'ambo ya pili, tulitazame jua likizama upande wa mji. Kabla sijafungua miguu mitatu ya kusimamishia aparei, mvua ikatushukia. Shefu akavua abakosti yake, lile koti la watu wa chama, akaifunika aparei, akabaki na singleti ya ndani, maji yakimchuruzika. Mwenye mtumbwi aligeuka pembeni asionekane akicheka.

Mara wingu likapasuka chini, juu ya paa za Kasuku. Jua likatoka jekundu, mwanga ukakimbia juu ya maji hadi miguuni petu.

“Njo ile!” shefu akanionyesha jua. “Piga!”

“Bado kidogo, Shefu.”

Mama mmoja aliyetoka sokoni alikuwa akipiga kasia kuelekea kwenye ule mwanga. Alipoufikia nikapiga, nikapiga tena, mpaka filimu ikaisha. Nilipogeuka, shefu alikuwa akitetemeka kwa baridi huku akicheka kama mutoto.

Filimu ikaenda Kinshasa kwa ndege. Foto zikarudi na jibu: haikuchaguliwa hata moja, mawingu ni mengi mno. Nilijua mashine ya kuandika inaningoja. Shefu akachagua ile ya mama na kasia, akaitundika nyuma ya kiti chake.

“Wao hawakunyeshewa,” akasema.

Alipohamishwa, aliondoka nayo. Mimi nikaendelea na aparei mpaka mgongo ulipokataa.

Siku hizi wajukuu huenda nami ukingoni na simu zao. Jua likishazama tu wanataka kurudi nyumbani.

“Bibi, imeisha!”

Nawaambia wakae kwanza. Mawingu ya juu yangali yanaliona jua, hata kama sisi hatulioni tena. Basi wanakaa pembeni yangu, rangi inapanda, na hakuna anayeniharakisha.