Mama Alama na Fomu ya Arobaini na Moja

Chuoni kwetu wote humwita Mama Alama. Ni karani wa ofisi ya ushauri, na kazi yetu, mimi na yeye, ni kupima matumaini ya wanafunzi waliolemewa. Usicheke, kazi ni kazi. Mwanafunzi hujaza dodoso la sentensi kumi na mbili, kisha huchora mtu akiwa kwenye mvua. Mimi nasahihisha dodoso, yeye michoro, na katikati ya meza zetu limesimamishwa kabati la mafaili tusije tukachunguliana. Anayepata wastani wa chini ya hamsini huitwa na mshauri.

Juzi fomu ya arobaini na moja ilituvuruga. Kwenye dodoso binti aliyeijaza alipata kumi na mbili kwa mia, yaani kakata tamaa kabisa. Kwenye mchoro, tisini na tano: mwavuli, viatu vya mvua, jua nyuma ya wingu, na mtu mwenyewe meno yote nje. Wastani, hamsini na tatu na nusu. Kwa kanuni, haitwi.

"Wastani wa nani huo?" Mama Alama akafoka. "Huyu ni mtu mmoja au wawili?"

"Andika tu, dada. Tusijitafutie makubwa."

Kunisikiliza si kawaida yake. Akatafuta jina la mwenye namba, jambo ambalo haturuhusiwi, akaenda bwenini. Alirudi baada ya saa nzima, miwani mkononi, kachanganyikiwa kuliko alivyoondoka.

Alimkuta binti anafunga mizigo huku anaimba.

"Masomo yamenishinda, mama," binti alimwambia. "Ijumaa naondoka, naenda kushona na shangazi. Dodoso liliuliza habari za masomo, nikajibu ukweli. Mkasema nichore, nikajichora nikienda zangu. Tangu niamue, nalala vizuri."

Mshauri aliposikia, alimwagiza Mama Alama arudi upesi akamzuie, maana binti amebakiza mwaka mmoja tu. Mama Alama akasimama mlangoni, haingii, hatoki.

"Mwenzangu, miaka kumi na tisa napekua michoro namtafuta mwanafunzi mwenye raha. Nimempata mmoja, natumwa nikamwondolee raha hiyo. Na nikimwacha, akaja kujuta, je?"

Nilimhurumia, na mimi mwenyewe nikajihurumia. Nikamwambia aende. Hajafika kwenye ngazi, nikamwita arudi.