Chai ya Wavamizi

Naftaly alikuwa na muda hadi Jumamosi. Alikuwa ametengeneza gemu ya vita vya mashamba kwenye kompyuta za sayba yangu, duka la intaneti hapa Bondeni: wachezaji wawili, kila mmoja na viazi vyake na askari wake, na atakayemnyang'anya mwenzake shamba ndiye mshindi. Mamake, Wangare, alikuwa amechoka kuchimba viazi peke yake kule Dundori. Walikubaliana kwamba mashindano ya Jumamosi yakikosa watu, kijana anarudi nyumbani kushika jembe.

Shida ilikuwa moja. Aliyevamia kwanza alishinda kila mara, kabla viazi vya mwenzake havijatoa hata maua, na wachezaji wakaanza kuhama. Naftaly akaamua gemu ifanane na maisha. Akaleta ukame, ugonjwa wa viazi na barabara ya matope. Raundi moja ikachukua saa tatu. Kibii, mchezaji wetu mkali kuliko wote, alilala huku ameshika mausi. Nilimwambia Naftaly anayetaka kuteswa na mvua ataenda shambani, hatakuja kwangu. Alininunia siku mbili.

Ijumaa mamake alituletea maziwa, akasimama nyuma ya Kibii akitazama askari wake wakimiminika kwa jirani.

"Hawa watu wameingia boma ya mtu," akasema, "na hakuna mtu amewapea chai?"

Naftaly akamweleza kwamba hao ni maadui. Mama akajibu kwamba kwake hakuna mtu hutoka bila chai, hata broka wa viazi anayempunja kila msimu.

Tulicheka. Halafu Naftaly akaacha kucheka. Alifuta ukame, ugonjwa na matope, akaweka kanuni moja: wavamizi wanakaa kwanza, wanapewa chai, na hawainui rungu hadi wamalize. Mwenye boma anaweza kuwaongeza chai, mradi maziwa yake hayajaisha.

Jumamosi watu walijaa hadi nikaazima viti kanisani. Nilifurahi, na kwa ajili ya yule kijana nilikaribia kulia. Wangare, aliyekuja kumchukua mtu wake, akaombwa ajaribu kidogo. Kufikia saa kumi alikuwa amemtoa Kibii. Jeshi zima la Kibii lilikuwa limekaa uani kwa mama na kikombe cha nne, huku viazi vya mama vikiiva na askari wake wakichukua shamba la Kibii.

Naftaly akamkumbusha kwamba watu wamejaa, kwa hivyo yeye harudi Dundori. Mama hakuondoa macho kwenye skrini.

"Na viazi zitachimbwa na nani? Mimi niko vita."

Jumatatu asubuhi Naftaly alipanda gari kwenda Dundori, mamake akabaki kwangu kwenye kompyuta. Jembe alilikuta mlangoni.