Mnasoma kitabu gani? Mimi niliwahi kukipaka kitabu dawa ya ngoma

Mwangaluka wakuu.

Mimi ni mzee wa Bariadi, darasa la nne la zamani. Simu hii kanipa binti yangu, akanionyesha kwamba huku ndiko watu wanakobishana bila kurushiana mawe. Nitakayosema ni yangu, sikuazima kwa mtu, na pale nitakapojiaibisha mjue hapo ndipo sijaongeza chumvi.

Nimeona mnaulizana nani anasoma kitabu gani saa hizi na anakionaje. Nitajibu. Ila mimi huwa nazunguka, mwenye haraka apite.

Nikiwa mdogo, bado nachunga ndama tu, mjomba wangu alikuwa manju, yaani ndiye anayetunga nyimbo na kuongoza ngoma. Siku moja baada ya mavuno anacheza, uwanja umejaa mpaka watu wako juu ya mapaa. Mara ikaja habari kwamba kuna lori limezama kwenye tope la mbuga.

Lori tu, wakuu. Lilibeba chumvi.

Watu wakaanza kuchomoka mmoja mmoja, halafu kumi kumi, mwisho mjomba kabaki na wapiga ngoma wake na mbwa wawili. Na mimi niliondoka. Nilirudi na tope mpaka magotini, nikamkuta anavua njuga.

Sikumwonea huruma. Nilikuwa nimeona lori.

Kwa wasiotujua Wasukuma: ngoma zetu hazina jaji. Makundi mawili yanacheza siku moja, moja upande huu, jingine upande ule, na watu wanasogea wenyewe. Jua likizama, aliyebaki na watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana wachezaji wanatafuta dawa ya kuvuta watu, tunaiita samba. Wanapaka ngoma, wanapaka njuga, wengine wanaifukia uwanjani.

Haya, sasa vitabu.

Nilitoka shule najua kusoma, lakini kusoma kwa kusukuma, kama mkokoteni usio na grisi. Aliyenilainisha ni Masunga. Huyu alikuwa karani wa chama cha ushirika kwenye kituo cha kununulia pamba, njia ya kwenda Maswa. Mtu mwembamba, mpole, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja.

Zamani ukileta pamba unaweza kusubiri mzani siku nzima, hata mbili. Ng'ombe wamefunguliwa, watu wamelala juu ya mafurushi. Masunga akipumzika kupima, anakaa barazani mwa ghala anasoma kitabu kwa sauti. Watu wanasikiliza. Alikuwa na sanduku zima la vitabu, alivikusanya pale masomo ya watu wazima yalipokufa kijijini.

Mimi nilikuwa mpakiaji pale. Akaona nasogea sogea, akaniazima kimoja. Nikirudisha hakubali niseme kizuri. "Kizuri hata uji ni mzuri," ananiambia. "Niambie nani alikukera." Basi tunabishana mpaka mkewe anatuletea viazi. Mimi nasema, kubishana juu ya kitabu nilijifunza pale, na sijakutana na mtu huku mtandaoni anayemfikia yule bwana. Msikasirike.

Halafu soko likafunguliwa. Mtu yeyote mwenye mzani na turubai akaruhusiwa kununua pamba, si chama peke yake. Ng'ambo ya barabara, akitazamana na ghala la chama, akaja Mzee Twaha, mfanyabiashara mwenye duka Bariadi mjini. Najua mtasema watu walimfuata kwa sababu alilipa palepale. Msimu ule hata chama kililipa palepale, na bei ni ileile. Tofauti ilikuwa wapi pa kusubiria.

Twaha alikuwa na macho. Siku tatu tu akaniita.

"Ndugu yangu Nkwabi, wale watu pale barazani wanafuata nini?"

"Wanafuata hadithi, mzee."

"Na wewe unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi njoo usome kwangu. Ukinijazia turubai hili mpaka mwisho wa msimu, mwakani wewe ndiye karani wangu. Kubeba mizigo utaacha."

Wakuu, nilikuwa na mgongo wa mtu aliyebeba pamba miaka kumi na kitu. Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Na nilijua. Hapa sitaki kujificha. Chama walikuwa wameshatangaza kwamba kituo kisichojaza ghala msimu ule kinafungwa na karani wake anakwenda nyumbani. Masunga alikaa nyumba ya chama, na mke na watoto. Nilijua yote hayo nikakubali.

Tena sikuwa na kitabu. Nilikwenda kumwazima Masunga mwenyewe.

Akanipa. Alijua nakipeleka wapi, maana turubai la Twaha linaonekana kutoka mlangoni kwake. Akachagua sandukuni, akatoa cha mpelelezi anayemtafuta mwizi wa dawa za hospitali. "Hiki watakipenda," akasema. "Usikimbie kwenye nukta."

Ndivyo tulivyoanza. Yeye barazani anasoma cha mama mjane aliyenyang'anywa shamba la mumewe, anapanda mahakama hii na ile. Mimi chini ya turubai na mpelelezi wangu. Wenye mikokoteni wakifika katikati ya barabara wanasimama, wanasikiliza huku, wanasikiliza kule, halafu wanageuza ng'ombe upande mmoja. Ngoma kabisa, ila haina ngoma.

Kulikuwa na mama mmoja anaitwa Holo, mkulima mkubwa, mdomo wake ungeweza kulima bila jembe. Yeye hakukaa upande wowote, alikaa katikati na kigoda chake.

"We Nkwabi! Mpelelezi wako mbona anatembea kama ana mwiba? Msomee haraka!"

Akigeuka kule: "Karani! Huyo mjane akishindwa tena mahakamani mimi namhamia mpelelezi!"

Wiki ya kwanza Masunga alinishinda. Ya pili alinishinda. Nasema kweli, alisoma vizuri kuliko mimi, na kitabu chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Cha mjane kilikuwa na watu ndani. Cha kwangu kilikuwa na bastola.

Ikabaki wiki moja. Wakubwa wa chama wangekuja Jumamosi kuangalia ghala. Twaha naye akaniambia turubai lake halikujengwa kwa ajili ya mbuzi kupumzika.

Ndipo akili yangu ikafanya kitu ambacho nadhani ni akili ya Msukuma peke yake ingeweza kukifanya. Nilipanda baiskeli, nikaenda mpaka upande wa Meatu, mbele ya Mwanhuzi, kwa bibi mmoja mganga anayesifika kwa wacheza ngoma.

Akaniuliza, "Ngoma yako ni ipi, mwanangu?"

"Sina ngoma, mayu. Nina kitabu."

Akacheka mpaka akajifuta macho. "Kitabu kinachezwaje?"

Nikamweleza. Akakichukua, akakigeuza geuza, akakipiga kwa vidole kama anayetafuta mlio. "Ngoma naipaka kwenye ngozi," akasema. "Ngozi ya hiki iko wapi?"

Nikasema labda jalada. Akatikisa kichwa. Watu hawasikilizi jalada. Mwisho akanipa mafuta kwenye kifuniko cha kibuyu, samli iliyochanganywa na kitu cheusi kilichochomwa, akasema: "Paka pale unapotaka watu wabaki."

Mimi nikafikiri. Nataka watu wabaki wapi? Mwisho! Jumamosi! Basi nilipofika nyumbani nikapaka kurasa zote za mwisho, moja moja, mbele na nyuma, kwa bidii, kama anayepaka mtoto mafuta asubuhi ya baridi. Nikakifunga, nikakiwekea jiwe juu ili dawa iingie.

Msinicheke. Au chekeni, nimeshazeeka.

Na mjue kitu kimoja: mimi sikuwa nasoma mbele. Nilikuwa nasoma palepale mbele ya watu, ukurasa ninaousoma, mimi nami ndiyo kwanza nauona. Kwa hiyo mwizi sikumjua.

Jumamosi ikafika. Mikokoteni imepangana kutoka kisimani. Mpelelezi wangu kafunga mlango wa stoo ya hospitali, amesema anamjua mwizi na mwizi yumo humu ndani. Nikageuza ukurasa.

Mweusi.

Nikageuza mwingine. Mweusi, umegandana na wa tatu, na pale penye mwanga unaona herufi za mbele na za nyuma zimelaliana. Hakuna hata neno moja zima. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo.

Ng'ambo nasikia sauti ya Masunga, mjane anaingia mahakama ya mwisho. Watu wangu wakaanza kusimama.

"Nkwabi!" Holo huyo. "Umesahau kusoma au mwizi amekuibia na macho?"

Nikainamisha kichwa kwenye ukurasa mweusi, nikafungua mdomo.

Nilianza kwa Kiswahili, nikaingia Kisukuma, nikamgeuza daktari wa hospitali ile kuwa mtu wa Maswa, nikawapa ng'ombe wake majina ya ng'ombe waliokuwa wamesimama pale mbele yangu. Watu wakakaa. Nikaongeza kelele. Waliokuwa barazani wakageuza shingo. Kila nikikwama nageuza ukurasa, nalamba kidole, naendelea. Sijawahi kusoma vizuri hivyo maishani, na sikuwa nasoma.

Halafu ikabidi mwizi atajwe.

Nikasema mwizi ni karani wa stoo. Mtu mpole. Kila mtu anampenda. Mwembamba, miwani imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Na mzani wa kupimia dawa alikuwa anausukuma kwa kidole.

Ningeweza kuwaambia nyinyi kwamba yalinitoka tu. Hayakunitoka tu. Nilisikia watu wameguna kidogo kwenye neno karani, nikajua nikiongeza miwani nimewapata wote. Nikaongeza.

Wakuu, watu walilipuka. Walicheka wakimtazama Masunga. Wale wa barazani wakavuka barabara kuja kusikia vizuri, mmoja anapiga kelele, "Kwa kidole! Ndiyo maana pamba yangu mwaka jana ilipungua!" Hata Holo akabeba kigoda chake akaja kwangu. Yule mjane sijui alishinda au alishindwa, maana hakubaki mtu wa kusomewa.

Kabla sijamaliza niwaulize yangu, kwa sababu nikishasema lililobaki sitakuwa na la kuongeza. Saa hizi nasoma kitabu kuhusu ufugaji wa nyuki, nilikinunua chini pale stendi ya Bariadi, ukurasa mmoja kwa siku. Nakiona cha kweli lakini mwandishi anajisifu. Nyinyi mnasoma nini? Na mkisimulia, semeni pale mlipoishia kusoma na pale mnapoanza kubuni. Nilichojifunza ni hicho. Watu kukusogelea ni kitu kimoja, wewe kusema kweli ni kingine, na mimi nilidhani ni kimoja. Mwenye kunipinga anipinge, nimewazoea wabishi.

Namalizia.

Masunga alivuka barabara taratibu. Watu wakampisha. Akanyoosha mkono, nikampa kitabu. Akakifungua mwisho. Akaona. Akakisogeza puani, akanusa samli. Naye ni Msukuma, hakuhitaji kuelezwa.

Yule bwana wa pamba ya mwaka jana akamwuliza, "Karani, wewe hiki ulishakisoma. Ni kweli mwizi ni karani?"

Masunga akapitisha kidole kwenye ule ukurasa.

Alikuwa anaweza kunimaliza kwa neno moja. Angeinua tu ule ukurasa mweusi watu wauone. Wakubwa wa chama wameshafika, wamesimama kwenye kivuli cha lori lao. Turubai lote lingerudi kwake.

Akasema, "Kitabu alikuwa nacho yeye. Muulizeni yeye."

Wakanigeukia. Masunga naye akanitazama, wala si kwa hasira, kama mtu anayesubiri tu umalize sentensi.

Nikasema, "Ndivyo kilivyoandikwa."

Akakifunga. Akakiweka juu ya furushi la pamba karibu na goti langu, akavuka kurudi upande wake. Kwenye mzani wa chama kulikuwa na furushi la mtu linaning'inia, halijapimwa. Hakuligusa. Akavua miwani, akaitia mfukoni, akapita mbele ya wakubwa wake bila kuwasalimu, akashika njia ya Maswa kwa miguu. Mkewe na watoto walimfuata wiki ile na sanduku. Mimi ukarani nilipata.

Yeye hakurudi.