Shemeji na Mashine ya Mabeseni

Shemeji yangu nilimpenda. Lazima niseme hilo kwanza, maana nikianza tu kueleza, hasira zitanipanda.

Alikuwa fundi wa mashine ya mabeseni kwenye kiwanda cha plastiki. Tajiri aliagiza plastiki ichanganywe na unga wa chokaa, beseni liwe gumu na gharama ishuke, basi mume wa dada yangu akawa anarudi nyumbani mweupe pe. Wenzake wakambandika jina: Unga. "Niliolewa na mwanamume, sasa naletewa gunia," dada alimtania, huku akimpangusa masikio.

Dada alipougua, Unga ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akambeba mgongoni kumshusha ngazi. Asiyependa hafanyi hayo.

Siku ile hospitalini daktari alituambia dada hafiki jioni. Nikampigia Unga simu.

"Njoo sasa hivi!"

"Nakuja, shemeji. Nasafisha mashine."

Alishanieleza zamani. Plastiki tupu ikiyeyuka hutiririka vizuri, lakini ikijaa chokaa inakuwa nzito, haitembei mpaka isukumwe kwa nguvu. Ukiiacha imesimama ndani kwenye moto, inaungua na kuziba mashine. Lazima uisukume yote nje kwa plastiki safi ndipo uzime. Sawa, nilielewa. Lakini dada alikuwa anauliza, "Amefika?" Nami namjibu, "Yuko njiani." Akauliza tena, na tena. Kisha akageuzia uso ukutani, akaacha kuuliza. Unga aliingia tumeshamfunika shuka.

Msibani, mwenzake wa zamu akaniambia, kwa nia njema kabisa: "Nilimwambia aende, nitasafisha mimi. Akanifukuza."

Weee! Nilimfuata Unga nyuma ya nyumba, nusura nimrukie. "Kumbe ulikuwa na mtu wa kukushikia mashine?"

Hakubisha. "Niliogopa, shemeji. Sikutaka kumwona akifa. Nikawa nasukuma tu plastiki. Hata ilipotoka safi, nikaendelea kusukuma." Akafuta pua kwa mkono. "Aliniulizia?"

Ningeweza kumficha. Lakini uchungu ulinizidi. "Alikuulizia," nikasema, "mpaka akakata tamaa."

Unga akakaa chini pale pale, akaangua kilio. Nilisimama mikono kiunoni, sikumgusa hata bega. Hakuna mwingine duniani aliyempenda dada kama sisi wawili, na kila mmoja akalia peke yake.